Hedifoni ya Kwanza: Jinsi ya Kuchagua Inayokaa Vizuri Kichwani na Yenye Sauti Safi

Ukiingia kwenye duka la vifaa vya simu hapa Arusha, liwe la karibu na Soko Kuu au la barabara ya Sokoine, muuzaji atakuvisha hedifoni, atafungulia wimbo wenye besi nzito, atapandisha sauti hadi karibu na mwisho, kisha atakuuliza: "Unaisikia hiyo?" Utaisikia, na pengine utalipa palepale. Lakini dakika moja ya besi haikuelezi lolote kuhusu saa mbili utakazokaa nayo ukisoma, ukihariri video au ukiwa ndani ya basi la Dar. Hedifoni nyingi huishia kwenye droo kwa sababu zinabana, zinachoma masikio, au zinateleza kila mtu anapoinama.

Kwa hiyo hapa tutaanza na kichwa na masikio yako, sauti itafuata. Tena mambo haya mawili yamefungamana kuliko wengi wanavyodhani. Hedifoni isiyokaa sawa haiwezi kutoa sauti yake halisi, hata iwe ya laki tano.

Hatua ya 1: Jua utaivaa wapi

Mtu anayepanda daladala kila asubuhi kutoka Kwa Mrombo, mwanafunzi wa hosteli anayelala na wenzake watatu, na kijana anayetengeneza midundo chumbani kwake Njiro, kila mmoja anahitaji kitu chake. Aina zenyewe ni nne.

Ya kwanza inafunika sikio zima, sponji zake zinakaa juu ya ngozi inayozunguka sikio. Kwa kukaa muda mrefu nyumbani au ofisini, hii ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza.

Ya pili inakalia sikio lenyewe. Ni ndogo, nyepesi, bei yake ni nafuu, na ndiyo wengi wanaanza nayo. Shida yake ni kwamba inagandamiza gegedu la sikio, na baada ya saa moja hivi wengi huanza kuisikia. Ziko zinazokaa kwa ulaini: Koss Porta Pro, iliyotoka mwaka 1984 na bado inatengenezwa, inasifiwa hadi leo kwa sababu haibani.

Ya tatu inaingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba kwa kimpira. Kwa safari na mizunguko ya mjini hii ndiyo yenye manufaa zaidi, iwe ya waya au zile ndogo zisizo na waya ambazo mtaani zote tunaziita "airpods" hata kama Apple haihusiki nazo.

Ya nne ni iyafoni za zamani zinazoning'inia tu mlangoni mwa sikio. Hazizibi chochote, kwa hiyo barabarani utapandisha sauti mno. Kwa kupokea simu zinafaa, kwa muziki ningekushauri uziache.

Kuna mgawanyo mwingine ambao wauzaji wengi hawautaji. Hedifoni zinazofunika sikio ziko zilizofungwa kwa nyuma na zilizo wazi. Zilizo wazi, mtindo ulioanza na Sennheiser HD 414 mwaka 1968, zina vitundu au wavu upande wa nje. Sauti yake ina nafasi, kama mwimbaji yuko mbele yako chumbani, na masikio hayapati joto. Lakini kila unachosikiliza jirani yako anakisikia, na kelele zake zinaingia kwako. Kama una chumba chako mwenyewe kilichotulia, zitafute. Hosteli, ofisini na kwenye gari, chukua zilizofungwa.

Na kwa barabarani: ukitembea kando ya lami, acha sikio moja wazi. Bodaboda zetu hazina upande maalumu wa kutokea.

Hatua ya 2: Pima inavyokaa, na usiwe na haraka

Muombe muuzaji kistaarabu. "Kaka, habari za biashara? Naomba niivae kidogo nikiwa na simu yangu kabla sijalipa." Wengi watakubali, hasa ukienda asubuhi kabla wateja hawajajaa. Ivae kwa dakika 15, na muda huo piga naye stori au angalia bidhaa nyingine. Dakika mbili za kwanza kila hedifoni ni nzuri.

Wakati umeivaa, sikilizia sehemu tatu za mwili wako. Utosini, pale utepe wa juu unapokaa: kama uzito wote umeegemea nukta moja, utaanza kuhisi kama kidole kinakubonyeza. Chini ya sikio, nyuma ya taya: hapo ndipo mbano unapojitokeza kwanza. Na ukingo wa sikio lenyewe: ingiza kidole ndani ya sponji uone kina chake, kwa sababu sikio likigusa kitambaa kilichofunika spika kwa ndani, litauma hata kama sponji ni laini kiasi gani. Kisha tazama dari, tazama viatu vyako, tikisa kichwa kama mtu anayekataa. Ikisogea, itakusumbua kila siku.

Uzito nao una maana. Hedifoni nzuri zisizo na waya huwa karibu na gramu 250. Sony WH-1000XM4, kwa mfano, ina gramu 254. Zikivuka gramu 350, shingo ya anayeanza italalamika.

Wenye miwani wanatakiwa kuivaa wakati wa kujaribu. Mguu wa miwani unapopita chini ya sponji unaacha upenyo mdogo, na kwenye upenyo huo besi inatoroka. Ukiona besi imepungua ulipovaa miwani na imerudi ulipoivua, sponji hizo ni ngumu mno kwako. Tafuta zenye sponji nene na laini zinazoukumbatia mguu wa miwani.

Halafu kuna nywele, jambo ambalo miongozo mingi ya hedifoni hailigusi kabisa. Mwenye rasta nene, misuko iliyofungwa fundo juu, au wigi, anaongeza sentimita kadhaa pale utepe unapopita. Nenda dukani na mtindo wa nywele unaokaa nao muda mwingi, usiende siku umesuka twende kilioni wakati wiki ijayo utafunga fundo. Angalia kama utepe ukivutwa hadi mwisho bado unafika masikioni, na kama unaweza kuusogeza mbele au nyuma ya fundo bila sponji kunyanyuka kwa chini. Ikinyanyuka, besi imeondoka.

Kwa dada anayevaa hijabu, hedifoni inayofunika sikio inaweza kukaa juu ya kitambaa chepesi cha pamba bila kuharibu sauti sana. Kitambaa kizito au kilichokunjwa mara mbili kinakula sauti za juu, na maneno yanasikika kama yanatoka chumba cha pili. Iyafoni ya kuingia ndani inayovaliwa chini ya hijabu inatatua hilo, lakini chagua yenye vitufe vya kubonyeza au yenye kidhibiti kwenye waya. Zile za kuongoza kwa kugusa husumbuka kitambaa kinapozisugua: muziki unasimama, simu inapokelewa bila kutaka.

Sponji za ngozi bandia zinaziba vizuri na kutoa besi, ila zina joto, na baada ya muda huanza kumenyuka na kukuachia vipande vyeusi mashavuni. Sponji za kitambaa zinapitisha hewa lakini besi inapungua kidogo. Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa 6 na wa 7 ngozi bandia inavumilika, hata inapendeza kwa ile baridi. Kwa wa Moshi mjini, ambako ni chini zaidi na Februari jua halina huruma, ningechagua kitambaa bila kusita.

Kwa iyafoni za kuingia ndani, kila kitu kinategemea vile vimpira vidogo vinavyokuja kwenye boksi, mara nyingi saizi tatu. Wengi hutumia vya kati vilivyokuja vimefungwa tayari na hawagusi vingine. Masikio ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana, kwa hiyo kulia unaweza kuhitaji kikubwa na kushoto cha kati. Jaribu hivi: vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza iyafoni ukiizungusha taratibu, kisha liachie sikio lijifunge. Tamka "aaa". Sauti yako ikivuma ndani ya kichwa, umeziba. Sasa weka wimbo na ibonyeze iyafoni kidogo kwa kidole. Kama besi inaongezeka kwa kubonyeza, kimpira ni kidogo, panda saizi. Kama hakuna kinachobadilika na hakuna maumivu, hiyo ndiyo saizi yako. Watu wamezitupa iyafoni nzuri kwa madai kwamba "hazina besi", kumbe zilihitaji kimpira kingine.

Hatua ya 3: Angalia simu yako inataka nini

Simu yako ina tundu la pini ya 3.5 mm? Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na kampuni nyingi zimefuata. Kama halipo na unataka hedifoni ya waya, utahitaji kiunganishi cha USB-C au cha Lightning. Hapa pana mtego: viunganishi vingine vya USB-C vina kifaa cha kubadili sauti ndani yake, vingine ni nyaya tupu zinazofanya kazi kwenye simu chache tu. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, basi kijaribu kwenye simu yako hapohapo dukani.

Kwenye boksi la hedifoni ya waya tafuta neno "ohm", kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukinza umeme unaotoka kwenye simu. Zenye ohm 16 mpaka 60 hivi kwa kawaida zinasukumwa vizuri na simu. Zenye 250 au 300, kama Sennheiser HD 600, zinahitaji kikuza sauti, vinginevyo zitasikika dhaifu. Anayeanza aziache kwanza.

Za blututhi zinaondoa usumbufu wa waya, lakini zina bei yake nyingine. Betri huchoka, na kwenye zile ndogo za masikioni ni vigumu mno kuibadilisha, kwa hiyo ukinunua ujue unanunua kitu cha miaka michache. Hedifoni ya waya inaishi: Sony MDR-7506 imo sokoni tangu mwaka 1991, na waya ukikatika karibu na pini, fundi simu mzuri anauchomelea. Pia sauti ya blututhi huchelewa kidogo. Kwenye filamu simu mara nyingi inajirekebisha, lakini kwa anayepiga kinanda, kurekodi au kutengeneza midundo, ucheleweshaji huo haukubaliki. Chukua waya.

Muuzaji akikutajia SBC, AAC au LDAC, hizo ni njia za kubana sauti inaposafiri kwa blututhi. LDAC inabeba taarifa nyingi zaidi, lakini iPhone haiitumii. Kwa hedifoni ya kwanza sikushauri uongeze pesa kwa ajili ya herufi hizo.

Hatua ya 4: Sikiliza kwa nyimbo zako, kwa sauti ya chini

Usikubali wimbo wa muuzaji. Nenda na nyimbo nne unazozijua vizuri, zilizo kwenye simu yako, zenye ubora mzuri. MP3 ya 320 kbps (kipimo cha wingi wa taarifa za sauti kwenye faili) inatosha. Nyingi zinazozunguka kwenye magrupu zimebanwa mno, na hedifoni nzuri itakuonyesha ubovu wa faili.

Wa kwanza uwe wa kwaya. Huku kwetu kwaya hazijawahi kukosekana, na hakuna kipimo bora cha sauti za kati. Tafuta rekodi ambayo sauti nne zinaingia moja baada ya nyingine. Je, ukiamua kumfuata alto peke yake unaweza, au amemezwa na soprano? Besi wanasikika kama watu wanaotamka maneno, au ni mngurumo tu?

Wa pili uwe wa dansi wenye gitaa la besi linalotembea. Unatakiwa kusikia kila noti ya gitaa ikipanda na kushuka. Hedifoni zilizoandikwa "Extra Bass" mara nyingi zinazigeuza noti zote kuwa mshindo mmoja.

Wa tatu uwe singeli. Mapigo yanakuja kwa kasi, na hedifoni mbovu inayachanganya hadi yanakuwa uji. Nzuri inayaacha kila moja na mwanzo wake na mwisho wake.

Wa nne uwe na maneno mengi yenye "s" na "sh", au hata usiwe wimbo, iwe sauti ya mtangazaji au mahubiri. Kiswahili kimejaa herufi hizo. Kama kila "s" inachoma kama sindano, baada ya nusu saa utachoka bila kujua kwa nini.

Ukilinganisha hedifoni mbili, hakikisha zote zina sauti sawa masikioni. Inayolia kwa nguvu zaidi, hata kwa tofauti ndogo tu, ubongo huichagua kuwa bora, na wauzaji wengi wanalijua hilo. Shusha sauti hadi pale ungesikiliza ukiwa nyumbani usiku. Hedifoni nzuri haipotezi uhai ikishushwa.

Mwisho wa zoezi hili, hakiki vitu vidogo. Mwimbaji anasikika katikati ya kichwa au amevutwa upande mmoja? Chezesha waya karibu na pini na karibu na sikio, usikie kama kuna mkwaruzo. Mpigie ndugu yako, muulize anavyokusikia.

Usitishwe na namba za boksi. "20 Hz – 20,000 Hz" ndiyo upeo wa usikivu wa binadamu na imeandikwa karibu kwenye kila boksi, ya elfu tano na ya laki tano. Spika ya mm 50 siyo lazima ishinde ya mm 40. Na ukiambiwa sauti itakuwa nzuri ikishatumika wiki mbili, usilipe kwa ahadi hiyo. Kama huipendi leo, iache.

Kuhusu ANC, teknolojia ya kuzima kelele: maikrofoni ndogo zinasikiliza kelele za nje, kisha hedifoni inatoa wimbi lililo kinyume chake na mawili hayo yanafutana. Inafanya kazi vizuri kwa mngurumo wa mfululizo kama injini ya basi, jenereta au feni. Kwa konda anayeita abiria stendi haifui dafu sana. Hapo kimpira kilichoziba vizuri kinakusaidia zaidi. Kama husafiri mara kwa mara, weka pesa hiyo kwenye sauti.

Hatua ya 5: Bei, majina na bidhaa feki

Ukiwa na bajeti ndogo, iyafoni ya waya yenye jina la kweli inaishinda kwa mbali "airpods" ya kuiga. 7Hz Salnotes Zero na Moondrop Chu II zinauzwa nje kwa takriban dola 20, na sauti yake ni safi kuliko watu wanavyotarajia kwa pesa hiyo. Kwa kawaida utaziagiza mtandaoni. Zote mbili waya wake unachomoka, kwa hiyo ukikatika unabadilisha waya tu.

Kwa hedifoni za waya, Koss KPH30i ni nyepesi na tamu kusikiliza. Audio-Technica ATH-M20x ni imara na ina sauti ya uaminifu, ila sponji zake hazina kina kirefu, kwa hiyo wenye masikio makubwa waijaribu kwanza. MDR-7506 niliyoitaja ni ya kazi, inafaa kwa anayehariri sauti. Waya wake wa msokoto ni mzito kwa kutembea nao. Zisizo na waya za bei ya kati ni kama JBL Tune 510BT, yenye saa 40 za betri, na Sony WH-CH520, yenye saa 50, jambo la maana siku umeme ukikatika. Zote mbili zinakalia sikio, kwa hiyo rudi kwenye zile dakika 15.

JBL, Sony, Beats na Apple ndizo zinazoigwa zaidi. Dalili kubwa ni bei: hedifoni inayouzwa duniani kote kwa zaidi ya dola 200 haiwezi kuwa ya elfu 60 hapa mjini ikiwa mpya. Angalia maandishi ya boksi yaliyokosewa, rangi iliyovuja kwenye nembo, plastiki yenye kingo zinazokwaruza. Kama modeli hiyo inatumia programu ya kampuni, ipakue na uiunganishe hapohapo. Feki nyingi hazitambuliki. Namba ya utambulisho pekee haitoshi, kwa sababu waigaji wananakili namba halisi.

Dai risiti ya EFD, na muuzaji aandike muda wa waranti. Ukiuziwa feki kwa jina la orijino, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia nchini, na risiti ndiyo itakayokusemea.

Hatua ya 6: Itunze, na tunza masikio

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatika nusu, hivyo kwa 90 unabaki na saa 4 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka ukomo wa sauti kwenye mipangilio. Iweke siku ya kwanza. Mlio wa "ngiii" masikioni baada ya kuivua unamaanisha umezidisha.

Sauti ikiwa nzito au kali mno, ingia kwenye ikwalaiza ya simu, sehemu ya kurekebisha besi na sauti za juu, na punguza kinachozidi badala ya kupandisha vingine. Kupunguza besi kidogo tu kunaweza kukurudishia sauti ya mwimbaji.

Na kuna vumbi letu. Alama ya IPX4 inamaanisha kifaa kinavumilia matone na jasho, lakini ile X inasema hakikupimwa kwa vumbi. Kama unaishi njia ya vumbi, tafuta IP54 au zaidi, kwa kuwa tarakimu ya kwanza baada ya IP ndiyo ya vumbi. Futa sponji kwa kitambaa chenye unyevu kidogo bila spiriti, vimpira vioshe kwa maji ya sabuni na uvikaushe kabisa kabla ya kuvirudisha, na wavu wa iyafoni usugue kwa mswaki mkavu huku umeuelekeza chini ili uchafu udondoke nje. Sponji zikianza kumenyuka, tafuta mpya za modeli hiyohiyo kabla hazijaisha kabisa. Zikiwa za kina au unene tofauti, hedifoni yako itabadilika sauti.